Mpaka Bila Ukuta, Ukuta Bila Mpaka

Kabla Lubumbashi haijawa mji, Katanga ilitawaliwa kwa muda kutoka Lukafu, kituo kilichokaa chini ya nyanda za juu za Kundelungu. Huko ndiko Comité Spécial du Katanga, kamati ya kuitawala Katanga iliyoundwa mwaka 1900, ilikoweka makao yake kwa muda. Reli kutoka Rhodesia ilipofika mwaka 1910, utawala ukahamia Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo. Kwa kuhama huko serikali ilijisogeza mpakani: leo Kipushi, mwendo wa kilomita 30 hivi, imeegemea Zambia kabisa.

Mpaka huo ulikuwepo kabla ya mji. Msiri, mfalme wa Bunkeya, aliuawa tarehe 20 Desemba 1891 na msafara wa Stairs uliotumwa kwa ajili ya Leopold II, mfalme wa Ubelgiji. Tarehe 12 Mei 1894 Uingereza na Leopold wakatia sahihi mkataba wa mpaka, na hakuna chifu wa Katanga aliyeulizwa. Sehemu kubwa ya mpaka inafuata mgawanyo wa maji: mvua ya upande mmoja huenda mto Kongo, ya upande wa pili Zambezi. Walamba wakabaki pande zote mbili. Mto Luapula nao ukawagawa watu wa Mwata Kazembe.

Penye mto au kilima, angalau mtu anaona anachogombania. Taabu iko kwenye mistari iliyopigwa kwa rula. Mmoja unashuka kusini kutoka ziwa Bangweulu, ukazaa botte ya Sakania, ulimi wa Kongo uliochomoza ndani ya Zambia. Mzambia anayetoka Mufulira kwenda Mansa kwa njia fupi hupita nchi ya watu kilomita 70 hivi. Mwingine unatoka Rasi ya Akalunga, ziwa Tanganyika, hadi ziwa Mweru. Huo ndio wa ugomvi. Zaire na Zambia zilitia sahihi mkataba mwaka 1989, lakini mwaka 2020 wanajeshi wa Zambia waliingia Kibanga na Kalubamba, wilayani Moba, na SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, ikalazimika kusuluhisha.

Hata hivyo, hakuna aliyejenga ukuta. Kizuizi cha Kasumbalesa, kwenye mpaka na Zambia, ni geti, forodha na foleni ya malori ya shaba. Huko Palestina mambo ni kinyume. Mstari wa Kijani wa mwaka 1949 ulikuwa wa kusimamisha vita tu. Kuanzia mwaka 2002 Israel, ikisema inajikinga na mashambulizi, ilijenga uzio na kuta ambazo kwa sehemu kubwa hazifuati mstari huo, bali zinaingia ndani ya Ukingo wa Magharibi. Tarehe 9 Julai 2004 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilitoa maoni kwamba ujenzi huo katika ardhi iliyokaliwa unakiuka sheria. Mpaka ni dai, kizuizi ni kitu. Tukivichanganya hatutaelewa ugomvi wa huko wala wa kwetu.

Kizuizi chetu kilikuwa ndani ya mji wa Elisabethville. Mwaka 1921 Wabelgiji waliihamisha cité ya Waafrika na kuacha zone neutre, ukanda mtupu kati yake na mji wa Wazungu. Sababu waliyoitaja ilikuwa afya, yaani mbu na malaria. Lakini mpishi na boi walivuka kila asubuhi, na usiku Mwafrika asiye na kibali hakutakiwa kukutwa ng'ambo. Cité hiyo ndiyo Kamalondo ya leo.