Mlinzi wa Kampuni Ngara na Biharamulo: Mamlaka Yake na Mipaka Yake

Mlinzi wa kampuni binafsi ni raia aliyeajiriwa kulinda mali au watu kwa mkataba. Hana cheo chochote katika Jeshi la Polisi, na sare yake haimwongezei mamlaka hata chembe. Katika wilaya za Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera, utamkuta kwenye mageti ya benki, vituo vya mafuta, maghala na hospitali, na mahali yanapopumzika malori huko Nyakanazi na Benaco kabla ya kuvuka Rusumo kuingia Rwanda au Kabanga kuingia Burundi. Pembeni yake yupo mzee wa usiku aliyewekwa na wenye maduka wachache, akiwa na tochi, rungu na koti zito. Huyu hana kampuni wala kitambulisho, lakini mbele ya sheria ya jinai yeye na mwenye sare wako sawa.

Historia ya eneo hili imewazoesha watu kumtaka mlinzi afanye zaidi ya kazi yake. Mwishoni mwa Aprili 1994 wakimbizi wapatao 250,000 kutoka Rwanda walivuka Rusumo ndani ya takribani siku moja, na Benaco ikageuka kambi kubwa. Silaha zilizozagaa kutokana na vita vya nchi jirani zilileta ujambazi wa barabarani, na kwa miaka mingi mabasi yaliyokatiza misitu ya Biharamulo yalisindikizwa na polisi wenye bunduki.

Jambo linalochanganya zaidi ni mgambo na sungusungu. Sheria ya mwaka 1975 ilimpa mwanamgambo aliye kazini uwezo wa kukamata na kupekua kama wa konstebo wa polisi. Mwaka 1989 sheria ikarekebishwa ili vikundi vya jadi kama sungusungu, vilivyoanzia Usukumani na Unyamwezini na vinavyojulikana sana Biharamulo, navyo vitambuliwe. Kwa kuwa walinzi wengi wa kampuni wamepitia mafunzo ya mgambo au ya Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), baadhi yao hudhani mamlaka hayo huwafuata hadi kwenye lindo la mwajiri. Hayawafuati. Anayelinda ghala la mfanyabiashara kwa mshahara wa kampuni hayuko kwenye kazi ya mgambo, hata kama cheti chake bado anacho.

Uwezo wake wa kukamata unatoka kwenye Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20. Raia yeyote anaweza kumkamata mtu anayetenda mbele yake kosa ambalo polisi angeweza kumkamatia bila hati. Vilevile, mwenye mali, mtumishi wake au aliyeidhinishwa naye anaweza kumkamata mtu anayekutwa akiiharibu mali hiyo. Mlinzi husimama katika nafasi zote mbili. Uzito uko kwenye maneno “mbele yake”. Polisi anaweza kumkamata mtu kwa kumshuku, mradi awe na sababu ya msingi; mlinzi anahitaji kuwa ameona. Dereva akilalamika asubuhi kwamba dizeli imefyonzwa usiku, mlinzi wa yadi hawezi kumkamata utingo wa lori la jirani kwa sababu tu alionekana akizurura.

Akishakamata, ana wajibu mmoja mkubwa: kumkabidhi mtu huyo kwa polisi bila kuchelewa pasipo sababu, na kama hakuna askari karibu, kumpeleka kituo kilicho jirani zaidi. Hapa ndipo haki za watu huvunjwa mara nyingi, kwa sababu vijijini kituo kinaweza kuwa mbali na usiku usafiri ni shida. Umbali ni sababu inayoeleweka, lakini kumfungia mtu stoo hadi bosi aamke hakukubaliki. Zile saa 24 zinazotajwa sana mitaani ni muda wa polisi wa kumfikisha mtuhumiwa mahakamani. Mlinzi hakupewa saa yoyote ya kuweka mahabusu. Hana pia ruhusa ya kutoza faini, kumpigisha mtu magoti getini au kumtesa ili aseme. Katiba, Ibara ya 13(6), inakataza mateso na inamhesabu mtuhumiwa kuwa hana kosa hadi mahakama iseme vinginevyo.

Kuhusu nguvu, Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inampa kila mtu haki ya kujitetea, kumtetea mwingine na kutetea mali iliyo chini ya uangalizi wake, kwa nguvu inayofaa tu. Inayozidi kiasi inamfanya ashtakiwe. Mwizi aliyekwisha kuangushwa na kufungwa mikono hana hatari tena, na rungu linaloendelea kushuka ni shambulio. Umati ukikusanyika kwa kelele za “mwizi!”, mlinzi aliyemkamata ndiye anayemshikilia, kwa hiyo anapaswa kumkinga huku akipiga simu polisi.

Kupekua getini hutegemea ridhaa. Mlinzi anaweza kumzuia asiyekubali kupekuliwa asiingie, kwa kuwa mwenye mali ana haki hiyo, lakini hawezi kumvamia mifukoni wala kufungua simu yake. Aliyekamatwa kihalali anaweza kunyang'anywa silaha aliyonayo. Mwanamke hupekuliwa na mwanamke, kwa staha.

Bunduki ni jambo la pekee. Inasimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na lazima iwe na kibali. Kukabidhiwa bunduki kwa zamu hakumpi mlinzi kinga yoyote. Akifyatua, atapimwa kwa kanuni zilezile za kujitetea.

Kenya ilitunga sheria mahususi ya sekta hii mwaka 2016 na kuunda mamlaka ya kuisimamia. Nchini Tanzania, kwa miaka mingi, kampuni za ulinzi zimesajiliwa kama biashara nyingine na kufuata miongozo ya polisi. Pengo hilo linamwumiza mlinzi mwenyewe. Aliyeumizwa anaweza kuidai kampuni fidia kwa kosa la mtumishi wake akiwa kazini, lakini kesi ya jinai humwangukia aliyeshika rungu, ambaye huenda alifundishwa gwaride na saluti bila kusomewa hata kifungu kimoja cha Sura ya 20.