Matibabu ya mfadhaiko wa baada ya kiwewe kwa maveterani wa Marekani

Matibabu ya mfadhaiko wa baada ya kiwewe kwa maveterani wa Marekani ni huduma za afya ya akili ambazo serikali ya nchi hiyo inawapa watu waliowahi kutumikia jeshi. Husimamiwa na Wizara ya Maveterani, ambayo ina hospitali na zahanati zake yenyewe. Huduma hizo zilikua polepole, mara nyingi kwa kudaiwa na maveterani wenyewe: kwanza ugonjwa utambuliwe, kisha mgonjwa aaminiwe, halafu atibiwe kwa wakati.

Ugonjwa

Mfadhaiko wa baada ya kiwewe (kifupi: PTSD) unaweza kumpata mtu aliyepitia au kushuhudia tukio la kutisha, kama vile vita, ubakaji au ajali mbaya. Dalili zake ni pamoja na kumbukumbu zinazomrudia bila kutaka, ndoto mbaya, kukwepa mambo yanayomkumbusha tukio, kujilaumu, hasira na kushtuka upesi. Daktari huutambua ikiwa dalili zimedumu zaidi ya mwezi mmoja na zinavuruga maisha ya kila siku. Wengi waliopitia vita hawaupati.

Kutambuliwa

Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, askari waliotetemeka au kupoteza usemi walidhaniwa kuwa wameathiriwa na mshtuko wa mizinga, na baadhi yao walihesabiwa kuwa waoga.

Mwaka 1970, wakati Vita vya Vietnam vikiendelea, maveterani walianza kukutana mjini New York katika vikundi vya mazungumzo pamoja na madaktari wa akili Robert Jay Lifton na Chaim Shatan. Mwaka 1979 Bunge la Marekani liliidhinisha vituo vya ushauri vilivyowekwa nje ya hospitali, ambako washauri wengi ni maveterani. Mwaka 1980 chama cha madaktari wa akili cha Marekani kiliuingiza ugonjwa huo katika toleo la tatu la mwongozo wake wa utambuzi wa magonjwa.

Mwaka 1983 Bunge liliagiza utafiti wa kitaifa. Ulionyesha kwamba, zaidi ya miaka kumi baada ya vita, takriban 15% ya wanaume na 8.5% ya wanawake waliotumikia Vietnam walikuwa bado wanaugua. Mwaka 1989 kilianzishwa kituo cha taifa cha PTSD, chenye makao makuu White River Junction, Vermont, kwa ajili ya utafiti na mafunzo ya watoa huduma.

Uthibitisho

Ili kupata fidia ya kila mwezi, veterani lazima aonyeshe kwamba ugonjwa wake unatokana na utumishi wake. Kwa askari aliyetunukiwa nishani ya mapigano jambo hilo lilikuwa rahisi kuliko kwa dereva, mpishi au karani aliyeshambuliwa njiani bila tukio kuandikwa popote.

Julai 2010 wizara ilibadilisha kanuni. Tangu hapo, mtu aliyeishi kwa hofu ya kushambuliwa na adui au magaidi halazimiki kuleta hati ya tukio lenyewe, mradi maelezo yake yalingane na mahali alipotumikia na mtaalamu wa wizara athibitishe ugonjwa. Badiliko hilo halikuwahusu waliobakwa au kunyanyaswa kijinsia jeshini. Hao wana kanuni yao, inayokubali ushahidi kama vile taarifa za polisi, maelezo ya ndugu au mabadiliko ya mwenendo kazini.

Tiba

Katika miaka ya 2000 wizara ilianza kuwafundisha wataalamu wake tiba mbili za mazungumzo. Ya kwanza humsaidia mgonjwa kuchunguza fikra zinazomtesa, kwa mfano kwamba kifo cha mwenzake kilikuwa kosa lake. Ya pili humwongoza kusimulia tukio mara kwa mara na kukaribia mambo anayoyakwepa, mpaka hofu ipungue. Kila moja huchukua wiki kadhaa. Zimewasaidia wengi, lakini baadhi huacha kabla ya kumaliza kwa sababu kukumbuka kunaumiza. Dawa kama sertraline pia hutumika.

Foleni na kujiua

Mwaka 2014 iligunduliwa kwamba hospitali ya wizara mjini Phoenix, Arizona, ilificha muda halisi ambao wagonjwa walisubiri. Waziri Eric Shinseki alijiuzulu, na Bunge likapitisha sheria ya kuwaruhusu maveterani waliosubiri mno au walioishi mbali kutibiwa na madaktari wa nje kwa gharama ya serikali. Sheria ya 2018 ilipanua ruhusa hiyo.

Simu ya dharura kwa maveterani wanaofikiria kujiua ilianzishwa mwaka 2007. Tangu Januari 2023 veterani aliye katika hatari hiyo anaweza kupata matibabu ya dharura bila malipo katika hospitali yoyote, hata ikiwa hajasajiliwa na wizara.

Mapungufu

Ripoti ya Taasisi ya Tiba ya Marekani ya mwaka 2014 ilieleza kwamba wizara hiyo na ile ya ulinzi hazikuwa zikifuatilia ipasavyo kama wagonjwa wanapata nafuu. Idadi ya waliohudumiwa ilijulikana kuliko idadi ya waliopona. Ripoti ilipendekeza hali ya kila mgonjwa ipimwe mara kwa mara wakati wa tiba, ili tiba isiyomfaa ibadilishwe mapema.