Makarani, Mawakala na Askari wa Zamu

Msimu wa uchaguzi ukikaribia Afrika Mashariki, hoja moja hurudi redioni, bungeni na vijiweni: kwamba mwangalizi wa uchaguzi ni mgeni aliyeletwa na wafadhili mwaka 1992 pamoja na vyama vingi, na kwamba kabla ya hapo wananchi walijipigia kura zao bila mtu wa pembeni kuchungulia. Hoja hiyo ina ladha ya uzalendo, lakini haina mashiko. Anayetaka kuipima aanze na kanuni moja fupi ambayo wengi huipita mbio.

Kanuni hiyo ni ya 21 katika jedwali la kwanza la Sheria ya Kura ya Siri ya Uingereza ya mwaka 1872. Inamtaka msimamizi wa kituo adumishe utulivu, apange idadi ya wapigakura wanaoingia kwa wakati mmoja, na awatoe nje watu wengine wote isipokuwa makarani, mawakala wa wagombea na askari wa zamu. Kanuni ya 33 inafuata mkondo huohuo kwa chumba cha kuhesabia: wanaoruhusiwa ni msimamizi, wasaidizi wake na mawakala, na hakuna mwingine ila kwa ridhaa ya msimamizi. Kwa wakati wake ilikuwa sheria ya ukombozi. Kabla yake Mwingereza alitamka jina la mgombea wake mbele ya hadhara, na mwenye shamba au mwajiri wake akiwa papo hapo anasikiliza. Kura ya siri ilipoingia, hadhara ilitolewa nje.

Kura ya kwanza ya ubunge kwa utaratibu huo ilipigwa Pontefract, kaskazini mwa Uingereza, tarehe 15 Agosti 1872. Sanduku moja la siku hiyo lingali limehifadhiwa katika makumbusho ya mji huo. Ni sanduku la mbao, na juu yake nta iliyogandamizwa muhuri wa ngome na bundi. Muhuri huo haukuwa wa serikali. Uliazimwa kutoka kiwanda cha peremende za urukususu, zao linaloupa mji huo jina hadi leo. Nta ile ilikusudiwa kumwambia yeyote ambaye hakuwa chumbani kwamba sanduku halikuguswa. Kwa raia wa kawaida, hiyo ndiyo nafasi ya uangalizi aliyoachiwa: kuuamini muhuri.

Makoloni yaliirithi orodha ile ya wanaoruhusiwa chumbani. Wageni rasmi wa kutazama kura nao walikuwapo zamani: mwaka 1857 wajumbe wa dola za Ulaya walisimamia kura za Moldavia na Wallachia, nchi zilizokuja kuwa Rumania. Hayo yanajulikana. Yanayosahaulika ni ya karibu na nyumbani.

Mwaka 1961, miaka 31 kabla ya huo wa 1992 unaotajwa vijiweni, Umoja wa Mataifa ulikuwa na tume ya kutazama uchaguzi Burundi na Rwanda. Mwenyekiti wake alikuwa Max Dorsinville wa Haiti, na wenzake wawili walikuwa Majid Rahnema wa Iran na Ernest Gassou wa Togo. Warundi walipiga kura tarehe 18 Septemba, na chama cha UPRONA cha Mwanamfalme Louis Rwagasore kikapata viti 58 kati ya 64. Wiki moja baadaye Wanyarwanda walipiga kura ya wabunge na ya maoni kuhusu ufalme. Tume ile ilijaribu kuingia ndani ya mambo ambayo utawala wa Ubelgiji ulitaka uyaendeshe peke yake. Rwagasore aliuawa tarehe 13 Oktoba, hata mwezi haujatimia tangu ushindi wake.

Mwaka huohuo Unguja na Pemba zilionyesha upande mwingine wa jambo hili. Januari 1961 jimbo la Chake Chake liliamuliwa kwa kura moja tu. Uchaguzi uliporudiwa tarehe 1 Juni, kila upande ulikuja vituoni ukiwa umeapa kutoibiwa. Palepale kwenye foleni watu walianza kubishana nani ana haki ya kupiga kura na nani anarudi mara ya pili, na vurugu za siku zile zikaua watu 68. Serikali ya kikoloni iliunda tume ya uchunguzi chini ya Sir Stafford Foster-Sutton. Waliosoma habari hizo kama chuki ya kikabila peke yake wamepunguza mengi. Wapigakura wale walifanya kazi ya uangalizi kwa mikono yao, kwa sababu ndani ya chumba hapakuwa na mtu waliyemwamini ambaye hakuwa wa serikali wala wa chama.

Uganda ilipata wageni wake Desemba 1980: kundi la Jumuiya ya Madola lililoongozwa na Ebenezer Debrah wa Ghana. Kura zilipigwa tarehe 10 na 11. Jioni ya siku ya pili, wafuasi wa chama cha DP walipokuwa wameanza kushangilia, Paulo Muwanga, mwenyekiti wa Tume ya Kijeshi, alitoa amri kwamba yeye peke yake ndiye mwenye mamlaka ya kutangaza matokeo. Atakayemtangulia angekabiliwa na faini ya shilingi 500,000 na kifungo cha miaka mitano. Chama cha UPC kikatangazwa mshindi. Kundi la Debrah lilikiri kasoro, lakini likauona uchaguzi kwa jumla kuwa halali, na DP haijawahi kulisamehe kwa hilo. Malalamiko ya DP yanastahili kusikilizwa kwa subira. Waangalizi waliandika walichokiona vituoni, ilhali jambo kubwa lilitendeka katika amri iliyotiwa saini ofisini. Februari 1981 Yoweri Museveni aliingia msituni.

Hata hivyo, hakuna mahali ambapo swali la nani aone na aone nini lilijibiwa kwa namna ya ajabu kama Kenya katika mlolongo wa 1988.

KANU, chama tawala, iliupitisha utaratibu huo mwaka 1986 kwa ajili ya kura za uteuzi ndani ya chama. Karatasi iliondolewa, na pazia la siri likaenda nayo. Wanachama walikwenda uwanjani na kupanga mstari nyuma ya mgombea wao, au nyuma ya wakala aliyeinua picha yake. Afisa alihesabu vichwa, akatangaza. Mgombea aliyevuka asilimia 70 alihesabiwa amepita bila kupingwa, wala jimbo lake halikuona tena kura ya siri. Rais Daniel arap Moi na wasaidizi wake waliusifu mlolongo kuwa wa wazi, wa gharama ndogo na wenye asili ya Kiafrika. Mtetezi wa mlolongo alikuwa na swali ambalo kwa haraka halina jibu: wizi utafichwa wapi katika uwanja usio na kuta?

Viongozi wa makanisa walilijibu mapema. Askofu Alexander Muge wa Eldoret, Askofu Henry Okullu wa Maseno Kusini na Askofu David Gitari wa Mlima Kenya Mashariki walisema mstari humwanika raia mbele ya chifu wake, mwajiri wake na jirani yake. Mchungaji naye atasimamaje nyuma ya mgombea mmoja huku waumini wake wamejipanga nyuma ya mwingine? Ilikuwa ni hofu ileile ya 1872, safari hii ikisemwa kutoka madhabahuni.

Februari 1988 yakatokea ambayo hata maaskofu hawakuyatabiri yote. Mahali pengi watu walirudi nyumbani wakisimulia kwamba mstari mrefu ulishindwa na mstari mfupi ukashinda. Mwanakijiji aliyeshinda juani, akauona mkia wa mstari wake ukipita mti wa pili na wa tatu huku ule mwingine ukikoma kwenye ngazi za shule, alisikia jina la wachache wale likitangazwa. Angefanya nini? Mstari ukishatawanyika haubaki. Hakuna sanduku la kufunguliwa mahakamani, hakuna karatasi ya kurudia kuhesabu, hakuna fomu yenye saini za mawakala wawili. Kilichobaki ni neno la afisa dhidi ya macho ya maelfu, na kwa sheria ya siku ile neno la afisa lilikuwa na uzito zaidi.

Hapa ndipo watetezi wa mlolongo, wa wakati ule na wa sasa, wanapopotoka. Wao huchukua kuonekana kuwa ndio uangalizi wenyewe. Uwanja wa 1988 uliwapa watu wote nafasi ya kuona na ukawanyima wote ushahidi. Gazeti la *Beyond*, lililotolewa na Baraza la Kitaifa la Makanisa ya Kenya, lilikusanya habari za udanganyifu huo katika toleo maalumu, na kwa ujasiri huo likapigwa marufuku mwaka uleule. Watafiti wa leo hulitaja katika mstari mmoja wanapoandika juu ya uhuru wa habari. Lingefaa kusomwa kama ripoti ya waangalizi wa ndani, waliofanya kazi bila vitambulisho, bila fulana na bila ruhusa ya mtu. KANU iliufuta mlolongo Desemba 1990, katika mkutano wa wajumbe uliofanyika Kasarani.

Hao ndio mababu wa waangalizi waliojitokeza tarehe 29 Desemba 1992. Jumuiya ya Madola ilikuja, Wamarekani walikuja, lakini mashirika ya Wakenya wenyewe pia yaliweka watu vituoni, na kufikia 1997 yalikuwa na maelfu kote nchini. Masanduku, hata hivyo, yalikuwa bado yakisafirishwa usiku kwenda kuhesabiwa kwingine, na mwangalizi aliyekesha kituoni alibaki akitazama taa za nyuma za gari. Mwaka 2002 kura zilihesabiwa palepale zilipopigwa. Badiliko hilo moja lilifanya kazi ambayo ripoti nyingi zilishindwa kuifanya.

Wanaosema waangalizi hawana faida wana ushahidi wao, na mzito kuliko wote ni wa 2017. Kura zilipigwa tarehe 8 Agosti, na siku mbili baadaye wakuu wa jumbe za kimataifa, miongoni mwao John Kerry wa Kituo cha Carter, walikuwa wamekwisha kuzungumza kwa matumaini. Tarehe 1 Septemba Mahakama ya Juu ikabatilisha uchaguzi wa rais. Majaji waliona dosari hasa katika kupeleka matokeo kutoka vituoni hadi makao makuu, na Tume ya Uchaguzi ilishindwa kuifungua mitambo yake kama ilivyoamriwa. Waangalizi walikaa pale sheria ilipowawekea kiti, nayo kanuni ya mlango haikuwafikisha kwenye mitambo.

Zanzibar ilipata kinyume chake. Tarehe 28 Oktoba 2015, kura zikiwa zimehesabiwa vituoni, mwenyekiti wa tume ya uchaguzi, Jecha Salim Jecha, alitangaza peke yake kufuta uchaguzi wote. Jumbe za Umoja wa Afrika, SADC, Jumuiya ya Madola na Umoja wa Ulaya zilieleza wasiwasi wao kwa tamko la pamoja, kisha uchaguzi ukarudiwa tarehe 20 Machi 2016. Safari hii walioona waliandika, na maandishi yao bado ni kizuizi kwa yeyote anayetaka kuisimulia siku ile kana kwamba vituo vyote vilikuwa vurugu tupu.

Kenya ilikuwa imejifunza kitu. Juni 2017 Mahakama ya Rufani iliamua, katika kesi ya Maina Kiai, kwamba matokeo yanayotangazwa kituoni ndiyo ya mwisho kwa kituo hicho. Agosti 2022 Tume iliweka kwenye tovuti yake picha za Fomu 34A, yaani fomu za matokeo ya kituo, kutoka vituo 46,229, na mtu yeyote mwenye simu aliweza kujumlisha mwenyewe. Ukaguzi ulioamriwa na Mahakama ya Juu ulikuta fomu za tovuti zinalingana na zile za asili. Karatasi ileile ilikuwa imebandikwa mlangoni mwa darasa, ina saini ya msimamizi na za mawakala, na wanakijiji waliisoma kwa mwanga wa simu zao.

Katika kanuni za Kenya za mwaka 2012, mwangalizi na mwanahabari wameongezwa kwenye orodha iliyoanza na makarani, mawakala na askari. Wamewekwa baada ya neno lilelile, "isipokuwa", na kitambulisho cha kuwapitisha mlangoni hutolewa na Tume ileile wanayokwenda kuiangalia.