Mkuki wa Theresia, Mbio za Bayi

Julai 1965, mjini Brazzaville, Mtanzania Theresia Dismas alirusha mkuki na kutwaa medali ya fedha katika Michezo ya Afrika, iliyokuwa ikifanyika kwa mara ya kwanza. Muungano ulikuwa na umri wa mwaka mmoja na ushee. Filbert Bayi alikuwa bado hajasikika. Ingepita miaka karibu tisa ndipo avunje rekodi ya dunia ya mita 1500 kule Christchurch, Februari 1974.

Leo ukitaja jina la Bayi pale Kifaru, kando ya barabara iendayo Mwanga na Same, huhitaji kueleza ni nani. Ukitaja la Theresia, itakubidi ueleze. Bayi anastahili kila sifa aliyopewa. Kinachouma ni kwamba aliyemtangulia kwenye jukwaa la medali amesahauliwa na taifa lile lile alilolipigania.

Mizizi ya jambo hili iko nyumbani. Katika vijiji vya tambarare chini ya milima ya Upare, mvulana akitoka shule hukimbilia chandimu. Dada yake anasubiriwa na ndoo ya maji, kuni na mdogo wa kubeba mgongoni. Akipata nafasi atacheza rede karibu na nyumba, ili akiitwa aitike. Shuleni alipewa netiboli, mchezo uliokuzwa na wanawake wa Uingereza mwishoni mwa karne ya 19, ambamo mchezaji haruhusiwi kukimbia na mpira. Ni mchezo mzuri na mgumu. Ila msichana aliyetaka mpira wa miguu aliitwa jikedume, na wengi waliacha kwa aibu ya jina hilo.

Wala hofu hii ya kuona wanawake wakicheza si ya Wapare peke yao. Desemba 1920, timu ya wanawake ya Dick, Kerr Ladies ilijaza watazamaji wapatao 53,000 katika uwanja wa Goodison Park, Liverpool. Mwaka mmoja baadaye chama cha soka cha Uingereza kiliwafungia wanawake viwanja vya klabu zake, kikisema kandanda haiwafai, na marufuku hiyo ilidumu karibu miaka 50. Katika riadha, magazeti yalipiga kelele mwaka 1928 kwamba wanawake walianguka hoi baada ya mita 800 za Olimpiki ya Amsterdam. Mbio hizo zikafutwa kwao hadi Roma 1960. Lakini Dorando Pietri, Mwitaliano aliyeanguka mara kadhaa akimalizia marathoni ya London mwaka 1908, alipewa kikombe na malkia na kushangiliwa kama shujaa. Mwanamume akianguka amejitoa mhanga. Mwanamke akianguka maumbile yamemkataza. Marathoni ya wanawake iliingia Olimpiki mwaka 1984 tu.

Na mwili wa mwanamke bado unajadiliwa. Agosti 2021, akiwapokea Ikulu vijana wa kiume waliotwaa Kombe la CECAFA la chini ya miaka 23, Rais Samia Suluhu Hassan alizungumzia wanasoka wa kike kuwa na vifua bapa na kwamba mwonekano huo unaweza kuwakosesha ndoa. Alikuwa akieleza maisha magumu yanayowangoja wakistaafu, na hilo ni kweli tupu. Hata hivyo maneno yale yaliwaumiza wengi, nami naona walikuwa na haki ya kuumia. Sijawahi kusikia mchezaji wa kiume akipimwa kwa kifua chake na uwezekano wa kupata mke.

Mwaka uliofuata, Serengeti Girls, timu ya taifa ya wasichana, walikwenda India kwenye Kombe la Dunia la wasichana chini ya miaka 17. Waliifunga Ufaransa 2-1, wakatoka sare na Canada, wakafika robo fainali. Timu ya taifa ya wanaume haijawahi kucheza Kombe la Dunia la wakubwa. Wasichana hao walitoka katika nchi ambayo ligi ya taifa ya wanaume ilianza mwaka 1965, mwaka ule ule wa Brazzaville, huku Ligi Kuu ya Wanawake ikisubiri hadi msimu wa 2016/17, Mlandizi Queens walipotwaa ubingwa wa kwanza.