Kauri: Kigae Kisichokunywa Maji

Katika maduka ya vifaa vya ujenzi ya Mombo, mji ambapo njia ya kupanda Soni na Lushoto inaachana na barabara kuu, bidhaa moja ina majina matatu. Fundi anaiita tailizi. Karani anayeandika risiti anaiita marumaru. Mwalimu wa ufundi anaiita kigae. Wote watatu humuuliza mteja swali lile lile: "Ya chini au ya ukutani, mama?" Kwa anayetaka kutengeneza upya bafu lake dogo, swali hilo halitoshi. La kuuliza kwanza ni kama kigae hicho kinakunywa maji, na kiasi gani.

Tuanze na marumaru. Neno hili ni jina la jiwe, lile linalochongwa machimboni na kupasuliwa mabapa. Jiwe hilo lina asili ya chokaa, ndiyo maana limao, siki na dawa kali za kusafishia choo huliacha na mabaka. Kinachouzwa Mombo, kwa sehemu kubwa, ni udongo uliosagwa, ukashindiliwa kwa mashine na kuchomwa kwenye tanuri. Sehemu yake hutengenezwa hapa hapa nchini: mkoa wa Pwani una viwanda vya vigae Chalinze na Mkuranga, na lori linalotoka huko kuja Mombo hupitia Segera na Korogwe. Kuuita udongo huo marumaru kumeshazoeleka hata kwenye habari za redio, wala hakuna atakayekamatwa kwa kosa hilo. Ila kwenye makadirio ya gharama jina hilo linakoroga mambo, kwa kuwa jiwe lenyewe nalo linauzwa, na bei yake ni nyingine kabisa.

Kigae kina haki zaidi. Zamani kigae kilikuwa kipande cha chungu kilichovunjika. Kikubwa kinaitwa gae. Baadaye neno likapanda juu ya paa, vilipokuja vigae vyekundu vya kuezekea. Vingi katika miji ya pwani ya Bahari ya Hindi vilitoka Mangalore, India, ambako Misheni ya Basel ilifungua kiwanda chake mwaka 1865. Udongo uliochomwa umebaki ule ule, kwa hiyo neno halikulazimishwa liliposhuka kutoka paani likaja ukutani na sakafuni. Kigae basi kifae kuwa jina la jumla, na tailizi iendelee kutawala mazungumzo ya saiti.

Kazi iliyobaki ni kutaja aina, na hapo ndipo neno kauri linapotufaa. Kauri ni yule simbi mdogo wa baharini, mgumu na laini, anayeng'aa bila kupakwa chochote. Waswahili wakalitumia jina lake kwa vikombe na sahani nyeupe zilizoletwa na majahazi. Waitalia walifanya vivyo hivyo bila kushauriana na mtu wa pwani: porcellana, jina lao la vyombo vya Kichina, lilikuwa kwanza jina la simbi huyo huyo. Tuseme basi kigae cha kauri kwa kile kilichochomwa kwenye joto la nyuzi 1,200 hivi za Selsiasi, hadi chembe zake zikashikana na vitundu vyake karibu vyote vikazibika.

Kipimo cha kutenganisha aina hizo ni kiasi cha maji ambacho kigae kikavu hupokea, kikilinganishwa na uzito wake. Neno unyonyaji lingeweza kutumika, lakini tangu Azimio la Arusha la 1967 Mtanzania akisikia unyonyaji anawaza mabepari. Ufyonzaji wa maji ni salama zaidi. Kwa kiwango cha kimataifa cha ISO 13006, kigae cha kauri hakizidi ufyonzaji wa asilimia 0.5 na alama yake ni BIa. Kinachozidi asilimia 10 kiko kundi la BIII, na hicho ndicho kigae cha kawaida cha ukutani. Katikati kuna makundi mengine. Alama hizo hutafutwa ubavuni mwa boksi.

Boksi likiwa limechanika, jaribu dukani. Geuza kigae, uone mgongo wake usiopakwa kitu. Dondoshea matone mawili ya maji. Kwenye kigae cha ukutani tone linatanuka, linafifia, na mahali lilipokuwa panabaki doa jeusi. Kwenye kauri tone linakaa palepale hadi ulifute kwa kidole. Mafundi wanaijua tabia hii kwa njia yao: vigae vya ukutani huvitumbukiza kwenye ndoo kabla ya kubandika, na viputo vya hewa hupanda mfululizo kadiri maji yanavyoingia. Wasipofanya hivyo, kigae kikavu hunyang'anya saruji maji yake kabla haijakaza.

Hapo ndipo jina moja kwa vitu viwili linapoleta hasara. Saruji tupu hushika kigae kinachokunywa maji kwa sababu inapenya kwenye vitundu vyake. Kauri haina vitundu vya kuipokea. Ukiibandika kwa saruji ya kawaida, hasa ukutani, huenda baada ya muda ukaigonga ikalia kama debe tupu, halafu siku moja ikaachia. Kauri inataka gundi yake maalumu ya unga, inayokorogwa kwa maji na kupakwa kwa mwiko wenye meno. Gharama ya gundi lazima iingie kwenye hesabu tangu mwanzo.

Chukua bafu la mita 1.2 kwa 1.8. Kwa vigae vya sentimita 30 kwa 30, sakafu itachukua 24. Ongeza vitatu vya kukatwa na kuvunjika. Vigae vikubwa vya 60 kwa 60 vinapendeza sebuleni, lakini hapa fundi anahitaji mteremko wa kama sentimita mbili kwa kila mita kuelekea tundu la maji machafu, na kigae kipana hakikubali kuinama pande nne bila kukatwakatwa. Uso uwe na mkwaruzo kidogo. Wajerumani wana kipimo cha miguu mitupu kwenye mteremko wenye maji ya sabuni, chenye madaraja A, B na C. Kwa sehemu ya kuogea tafuta B au C. Herufi R yenye namba ni kipimo cha mtu aliyevaa viatu, hivyo isikutoshe peke yake.

Neno kauri linafaa vilevile kwa sinki la kunawia na choo, kiwe cha kukaa au cha kuchuchumaa, kwa kuwa navyo ni udongo uliochomwa hadi ukaacha kunywa maji. Koki na bomba la mvua zina kipimo kingine: zipime mkononi. Ya shaba iliyopakwa kromu ni nzito. Nyepesi kupita kiasi huwa ni aloi ya bei nafuu au plastiki iliyong'arishwa.

Kwa hiyo kwenye karatasi ya kupeleka dukani usiandike "marumaru za bafuni". Andika: vigae vya kauri vya sakafu, 30 kwa 30, BIa, uso usioteleza, vipande 27, pamoja na gundi yake; vigae vya ukutani, BIII, vya kulowekwa. Muuzaji akikuuliza tena kama ni ya chini au ya ukutani, jibu limeshaandikwa, na fundi atajua ni kipi cha kutia kwenye ndoo.