Namba ya treni ni tarehe: jinsi ya kusoma picha za zamani za reli yetu

Leo naweka kando mambo ya kuandika programu, ingawa mtaona mwisho wake tumerudi palepale kwenye data.

Ukitafuta mtandaoni picha za zamani za reli ya Afrika Mashariki utapata nyingi, na sehemu kubwa zimewekwa na Waingereza. Wengine walifanya kazi huku, wengine walikuwa wapita njia, na wengine ni wale wapenzi wa treni wanaopiga picha kichwa cha treni kama sisi tunavyopiga picha bibi harusi. Chini ya picha wameandika namba ya kichwa, jina la stesheni, na pengine mwaka. Watu waliosimama mbele ya treni hawana majina.

Sasa njoo huku kwetu. Jomvu Kuu, Miritini, Changamwe, Mazeras, kote huku reli ya zamani imepita karibu na nyumba za watu, na nyumba nyingi zimetoa dereva, fundi au karani wa reli. Picha ziko sandukuni na kwenye albamu. Ukiuliza utaambiwa huyu ni fulani bin fulani, na yule alikuwa jirani yake. Lakini ukiuliza ni mwaka gani, kimya.

Kwa mtu wa kompyuta haya ni majedwali mawili. Moja lina tarehe bila majina, jingine lina majina bila tarehe. Ili kuyaunganisha unahitaji safu moja iliyo kotekote, na safu hiyo ipo: ni namba iliyopakwa kwenye kichwa cha treni.

Tuanze na Uingereza, maana kule kazi hii ni rahisi. Vichwa vyao vya dizeli vilipewa namba zenye herufi D mbele, kwa mfano D200. Treni za moshi za shirika la reli la British Rail zilipokoma Agosti 1968, herufi ile haikuwa na kazi tena, ikaanza kuondolewa. Halafu ikaja kompyuta. British Rail ilinunua mfumo uitwao TOPS kutoka kampuni ya reli ya Southern Pacific ya Marekani, iliyoutengeneza pamoja na IBM. Kuanzia mwaka 1973 vichwa vikapewa namba mpya za tarakimu tano, mbili za mwanzo zikiwa za aina, tatu za mwisho zikiwa za foleni. Kwa hiyo ukiona D ujue picha ni ya zamani, ukiona namba ya zamani bila D ni ya katikati, na ukiona tarakimu tano ni baada ya kompyuta kuingia.

Hapa kuna kisa ambacho kila mwandishi wa programu atakipenda. Mfumo wa TOPS haukukubali foleni ya 000. D201 ikawa 40001 bila taabu, lakini D200, kichwa cha kwanza kabisa cha aina yake, kilikosa mahali. Ikabidi kipewe 40122, nafasi iliyokuwa wazi kwa sababu D322 kilikuwa kimeshaondolewa kazini mwaka 1967. Mtu asiyejua akiiona 40122 atadhani ni cha mia moja na ishirini na mbili, kumbe ndiye kaka mkubwa. Kichwa hicho kimehifadhiwa mpaka leo.

Je, huku kwetu? Shirika la East African Railways and Harbours liliundwa mwaka 1948, na mtindo wake ulikuwa uleule wa aina kisha foleni, miaka mingi kabla ya TOPS. Chukua kichwa namba 5918, kiitwacho Mount Gelai, kilichopo kwenye makumbusho ya reli Nairobi. 59 ni aina, 18 ni foleni. Aina ya 59 ni yale majitu ya moshi 34 yaliyojengwa na Beyer Peacock ya Manchester mwaka 1955 na 1956, yakapewa majina ya milima ya Afrika Mashariki, na ndiyo yaliyovuta mizigo kutoka Mombasa kupanda bara.

Dizeli za safari ndefu zilianza kuingia mwaka 1960. Zilikuwa za aina ya 90, kutoka kiwanda cha English Electric kule Newton-le-Willows, Uingereza, zenye nguvu za farasi 1,840. Kiwanda hichohicho ndicho kilichotoa D200. Na zinafanana kwa jambo moja kubwa: magurudumu. Wataalamu huandika 1Co-Co1. Maana yake kichwa kinakalia fremu mbili, na kila fremu ina ekseli nne: tatu zinasukumwa na mota, na moja, ya upande wa nje, inasaidia kubeba uzito tu. Ukigawa uzito kwa ekseli nane badala ya sita, kila ekseli inaikandamiza reli kidogo zaidi.

Baadaye, shirika likiwa bado ni la nchi tatu, aina ya 90 ikabadilishwa jina ikawa aina ya 87. Vyuma ni vilevile, namba ni nyingine. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, na shirika likavunjika pamoja nayo. Kenya Railways ilipoanza, ikaleta dizeli mpya kutoka General Electric ya Marekani mwaka 1978, nazo zikawa aina ya 93. Hizi zina ekseli sita, tatu kwa kila fremu.

Mmeuona mtego? Mtu akizipanga namba hizi kutoka ndogo kwenda kubwa atapata 87, 90, 93, na atadhani ameipanga historia. Kumbe 90 ndiyo jina la kwanza, 87 ni vichwa vilevile vilivyozeeka, na 93 ni wageni. Ndiyo maana walimu wetu wa hifadhidata walikuwa wakisisitiza: usiweke maana ndani ya kitambulisho, kwa sababu maana itabadilika na kitambulisho kitabaki kinadanganya. Lakini kwa anayetafuta tarehe, kosa lile ni zawadi. Namba ikibadilika, inaacha alama ya wakati.

Niwape mfano wa hapahapa Jomvu Kuu. Mzee mmoja jirani alinionyesha picha nyeusi na nyeupe ya mwanamume aliyevaa kofia ya kazi, amesimama kando ya kichwa cha dizeli. Nyuma pameandikwa Changamwe, basi. Babake mzee huyu alifanya kazi ya reli, akafariki mwaka 1975. Kaka yake mkubwa naye akaingia reli mwaka 1979, na wote wanasema walifanana kama shilingi kwa ya pili. Familia haina picha nyingine ya baba, na kwa miaka mingi wamebishana ni nani yule.

"Mwanangu, wewe una mashine," akaniambia. "Niambie huyu ni baba au ni kaka."

Niliikopi kwa skana kwa ubora wa juu, nikaikuza. Tarakimu ya kwanza ni 9, wazi kabisa. Ya pili imefichwa nusu na bega la yule mtu, umebaki upande wa kulia tu, wenye mviringo juu na chini. Inaweza kuwa 0, inaweza kuwa 3. Ikiwa 0, picha ni ya kabla ya 1977. Ikiwa 3, ni ya 1978 au baadaye. Hakuna programu ya kusoma maandishi itakayokutoa hapo, kwa sababu wino wenyewe haupo.

Nikaacha namba, nikashuka kwenye magurudumu. Fremu moja inaonekana yote. Nikahesabu: moja, mbili, tatu, nne. Aina ya 93 haina fremu ya magurudumu manne. Basi namba ni 90, na yule ni baba.

Mzee alinyamaza, kisha akasema, "Alhamdulillahi. Kumbe nafanana naye zaidi ya kaka."

Kwa hiyo ukiwa na picha kama hiyo nyumbani, fanya hivi:

1. Hakikisha haikugeuzwa. Maandishi yakisomeka kinyume, picha imechapishwa kinyume.
2. Soma namba, na uandike hata tarakimu moja ukiipata.
3. Hesabu magurudumu ya fremu moja. Matatu au manne?
4. Tazama jina la shirika. Ukiona Kenya Railways ni baada ya 1977.
5. Usiamini rangi peke yake. Filamu za zamani hubadilika, na vichwa vilipakwa upya mara kwa mara.
6. Ikopi na upande wa nyuma pia. Mwandiko wa nyuma ni data.
7. Kabla ya yote, muulize aliye hai ni akina nani, uandike majina yao kamili.

Hilo la saba haliwezi kungoja. Namba ya kichwa itasomeka hata baada ya miaka hamsini, na treni ya kisasa iliyoanza Miritini mwaka 2017 ina wapiga picha wa kutosha. Wanaojua majina ya wale watu wa Changamwe ni wazee, na wanapungua. Ukipata picha mtandaoni ukamtambua mtu, mwandikie mwenye picha umpe jina. Yeye ana tarehe, wewe una jina, na picha inawahitaji nyote wawili.

Haya, fungueni masanduku. Maswali na maoni nayakaribisha kama kawaida.