Nani alihamisha mashine usiku?

Zamu yangu ya historia imefika, na najua wengine walitegemea vita au wafalme. Leo naleta historia ya kuhama, ila wanaohama si watu.

Mashine pepe ni kompyuta isiyo na mwili wake. Inaishi ndani ya seva pamoja na wenzake, kama familia tano kwenye nyumba moja, kila familia ikidhani nyumba yote ni yake. IBM walianza mambo hayo miaka ya 1960. VMware, kampuni ya Marekani iliyoanzishwa 1998, ikayaleta kwenye kompyuta za kawaida.

Mwaka 2003 wakatoa vMotion: mashine pepe inatoka seva moja kwenda nyingine bila kuzimwa. Kumbukumbu yake inanakiliwa huku yenyewe inaendelea na kazi. Yaliyobadilika katikati yananakiliwa tena, na tena, mpaka kinachobaki ni kidogo sana. Hapo inasimama kidogo tu, inaamkia upande wa pili. Anayeitumia hata hashtuki.

Ila bado kulikuwa na mtu wa kubonyeza. Mwaka 2006 ikaja DRS, na sasa programu yenyewe ikawa inapima mzigo wa seva, hapo mwanzo kila dakika tano. Ikiona moja imelemewa, inahamisha. Fundi amelala. Asubuhi watu wanalalamika kwamba mfumo ulikwama saa nane usiku. Mashine ilikuwa kwenye seva ipi saa hiyo? Skrini inaonyesha ilipo sasa tu.

Hapa niseme la kwetu kidogo. Sisi tumehamishwa zoni mara mbili, na kadi yetu inaonyesha bloku ya sasa tu. Mama alipofuatilia vyombo vilivyobaki kule, aliulizwa: nani aliwahamisha, na lini? Hakukuwa na karatasi. Ndiyo maana nilipofika sehemu hii ya kozi sikusinzia.

vCenter, programu inayosimamia seva hizo, inaandika kila tukio kwenye kanzidata, katika jedwali linaloitwa VPX_EVENT: aina ya tukio, saa, jina la mashine, seva. Akihamisha mtu, inaandikwa VmMigratedEvent. Ikihamisha DRS, inaandikwa DrsVmMigratedEvent. Herufi tatu tu mbele, lakini ndizo zinazosema nani aliamua.

Basi unaiuliza kanzidata kwa SQL, lugha iliyotokana na kazi ya Donald Chamberlin na Raymond Boyce wa IBM, 1974. Unaiambia: nipe mistari yote ya DrsVmMigratedEvent ya mashine hii, usiku ule, ipange kwa saa. Angalia sana, saa zimeandikwa kwa UTC. Saa nane usiku ya hapa kwetu ni 23:00 ya jana yake. Ukisahau hilo utapata uhamisho wa saa nyingine kabisa, na utailaumu seva isiyo na kosa.

Kuna jambo jingine. Msimamizi anaweza kupanga matukio yafutwe baada ya siku fulani, tuseme 30. Mafundi waangalifu wananakili mistari hiyo pembeni mapema. Ukichelewa, swali lako linarudi na mistari sifuri, sawasawa na la mashine ambayo haijawahi kuhama.